Neno Kapera katika Nchi ya Mapachani

Aendaye kwa macho hurudi na maneno, na haya ndiyo aliyorudi nayo Mwalimu Pendaeli Kisamo kutoka nchi ya Mapachani. Jinsi alivyofika huko si habari ya kumchosha mtu. Njia ilikuwa ndefu, ikaisha.

Kisamo alikuwa mwalimu wa Kiingereza na msahihishaji wa mitihani, na kalamu yake nyekundu ilikuwa na adui mmoja: neno lisilo na kazi. Mwanafunzi akiandika kwamba mtu alipanda juu, Kisamo alilikata hilo "juu", kwa kuwa hajapatikana bado apandaye chini. Akiandika zawadi ya bure, alikata "bure". Hakufanya hivyo kwa hasira. Aliamini tu kwamba neno ni kama kibarua: lioneshe kazi yake, ama lipishe. Basi aliposikia kwamba iko nchi ambayo tangu ianze kufundisha Kiingereza hakuna mtoto aliyewahi kufeli, hakuamini wala hakubisha. Alikwenda kutazama.

Afisa wa mpakani alimuuliza kwa Kiingereza, ambacho katika habari hii kimefasiriwa chote:

"Umekuja na kuwasili kwa nia na madhumuni gani?"

"Kujifunza," akajibu Kisamo.

Afisa aliinua kalamu akangoja. Kisamo naye akangoja.

"Endelea," akasema afisa.

"Nimemaliza."

"Mgeni, umesema neno kapera. Hapa neno haliingii peke yake. Mwenzake yuko wapi?"

Kisamo alitazama foleni iliyokuwa nyuma yake. Hakuna aliyecheka. "Kujifunza na kuelimika," akasema. Afisa akagonga muhuri kwa furaha, akamtakia karibu na makaribisho.

Kumbe hiyo ndiyo sheria mama ya Mapachani. Nyumbani kwao watu walisema Kimapacha, lugha ya jirani sana na Kiswahili, na humo walisema kama watu wengine wasemavyo: maji ni maji, njoo ni njoo. Lakini Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya ofisi, ya shule na ya mahakama, na katika Kiingereza kila neno la maana lilipaswa kuwa na ndoa. Palikuwa na Idara ya Ndoa za Maneno, na mkuu wake aliitwa Mshenga Mkuu. Kazi yake ilikuwa kuyaposea maneno. Neno jipya likiingia nchini, halikutumika mpaka Mshenga alitafutie mwenzi wa kufanana nalo. Aliyesema neno kapera mbele ya ofisi alihesabiwa hajasema kitu.

Kisamo alizunguka mji kwa siku kadhaa akisoma vibao. Duka la dawa lilitangaza dawa za tiba kwa wagonjwa wanaougua. Kinyozi alinyoa nywele za kichwani. Makaburini, jiwe moja lilimtaja marehemu aliyefariki, akazikwa kaburini chini ya ardhi, na kumwacha mjane aliyefiwa. Aliyasoma yote kwa utulivu wa daktari anayehesabu mapigo. Mkono wa kulia tu, ule wa kalamu, ulikuwa ukijikunja mfukoni.

Shuleni ndiko alikopata jibu la lile lililomtoa kwao. Aliomba kuona karatasi ya mtihani. Chini ya kila swali palikuwa pameandikwa jibu lake.

"Hii ni ya walimu?" akauliza.

"Ni ya wanafunzi," akasema mwalimu mkuu, mtu mpole mwenye tai mbili. "Swali bila jibu ni kapera, Mwalimu. Tungewezaje kumpa mtoto?"

"Sasa mtoto anafanya nini?"

"Ananakili na kuandika. Wapo wenye mwandiko mzuri sana na wa kupendeza."

Akataka kujua desturi hiyo ya ndoa za maneno ilianzaje, akitarajia mafumbo. Hapakuwa na fumbo. Kila mtoto aliijua habari yake, na katikati ya mji palisimama sanamu la sikio kubwa la shaba. Jaji wa kwanza kutoka ng'ambo alikuwa mzee, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Wasemaji hawakujua ni lipi linalosikia, kwa hiyo walisema jambo upande huu, wakazunguka kiti, wakalisema kwa namna nyingine upande wa pili. Makarani waliandika yote mawili. Jaji akaondoka, makarani wakabaki.

"Na mnajua kwamba alikuwa kiziwi wa sikio moja?" Kisamo alimuuliza mwenye nyumba wake.

"Nani asiyejua? Kuna wimbo."

Mwenye nyumba huyo aliitwa Bi Sikitu. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye shamba nyuma ya nyumba, la mindimu ambayo mumewe aliipanda na yeye akaimwagilia. Mauzo ya ndimu ndiyo yaliyomlisha. Kisamo alipanga chumba kwake kwa sababu hapakuwa na kibao mlangoni.

Jioni moja alimkuta amekaa kwenye kibaraza, karai la ndimu mapajani, akizifuta moja moja kwa nguvu isiyohitajika.

"Mwalimu," akasema, "ninyi mnaokijua Kiingereza cha kwao wenyewe, mtu akiulizwa 'unakubali?', akasema 'hapana', amesema nini?"

"Amesema hapana."

"Basi mimi nina kesi kwa kusema hivyo."

Akaeleza. Serikali ilitaka kujenga Taasisi ya Matumizi Sahihi na Fasaha, na mahali palipopendwa palikuwa shamba lake. Afisa ardhi, Bwana Kurwa Doto, alikuja na mwavuli wake, akasimama kati ya mindimu, akamuuliza kwa Kiingereza kama anakubali na kuridhia kulitoa. Sheria ilitaka aulizwe, na ilitaka ajibu kwa lugha aliyoulizwa. Yeye akajibu neno moja: hapana. Afisa akaandika kwamba mwenye shamba ametamka neno kapera, kwa hiyo hajajibu, na asiyejibu amekubali.

"Hukujua neno la pili?" akauliza Kisamo.

"Nayajua mengi. Nimesoma mpaka la saba, tena nilikuwa na mwandiko mzuri sana na wa kupendeza." Akatupa ndimu karaini. "Sokoni, Mwalimu, mnunuzi akitaja bei ya kipuuzi, ukisema hapana ukanyamaza, ataongeza. Ukisema hapana, halafu ukaanza kueleza, umeshashusha. Lile la pili ndilo wanalolishika. Niliulizwa mara moja, nikakataa mara moja."

Kisamo aliliona jambo lenyewe kuwa rahisi, kama sentensi inayohitaji kukatwa mahali pamoja tu. Akajitolea kuwa shahidi wa Bi Sikitu kuhusu Kiingereza.

Jaji aliyeisikiliza kesi aliitwa Masalu. Alizaliwa mtaa wa pili kutoka kwa Bi Sikitu na alinunua ndimu kwake. Hata hivyo, mahakamani alihesabiwa hajui Kimapacha, kwa hiyo palikuwa na mkalimani kati yao.

"Unaitwa nani na jina lako ni lipi?" akauliza Jaji kwa Kiingereza.

Mkalimani akafasiri. Bi Sikitu akajibu kwa Kimapacha: "Mheshimiwa ananijua. Juzi alizibonyeza ndimu zangu zote kama anapima watoto homa, akanunua mbili."

Jaji akacheka, kisha akakumbuka kwamba hajaelewa. Akakaza uso na kungoja. Mkalimani alipomaliza kufasiri, akacheka tena, mara hii kwa niaba ya mahakama.

Kisamo aliitwa. Akaapa na kula kiapo. Jaji alimtazama kwa hamu ya kweli, maana hakuwahi kumwona mtu aliyekisoma Kiingereza nje ya Mapachani.

"Huko kwenye Kiingereza chenyewe, Mwalimu, neno 'hapana' huoa nani?"

"Halioi, Mheshimiwa. Linatosha."

Ukumbi ukanong'ona. "Na mengine?" akauliza Jaji, akiinama mbele. "'Kurudi' bila 'nyuma'? 'Zawadi' bila 'bure'?"

"Vivyo hivyo. Neno la pili halina kazi. Wanaojifunza hulibeba kwa sababu walilikuta."

"Inashangaza," akasema Jaji, "na inastaajabisha."

Bwana Kurwa Doto akasimama. Alikuwa mtu nadhifu, asiye na chuki na mtu. Akaomba hati ya shamba isomwe. Ilisema kwamba shamba hilo la kilimo ni mali inayomilikiwa na mmiliki wake, Bi Sikitu, mjane aliyefiwa.

"Shahidi mtaalamu," akasema, "hati hii ni Kiingereza sahihi na kisicho na kosa?"

Kisamo aliona pale anapopelekwa, lakini hakuzoea kujibu lisiloulizwa. "Si sahihi."

"Ina makosa mangapi na idadi gani?"

"Matatu."

"Basi tuchague na kuteua, Mheshimiwa. Maneno kapera yakiwa mabaya, huyu mama hajakataa. Yakiwa mazuri, hati yake ni mbovu na shamba si lake. Mimi na Taasisi tunaridhika na lolote kati ya hayo."

Bi Sikitu alimtazama shahidi wake kama atazamwavyo mtu aliyeitwa kuzima moto akaja na kuni.

Katika Mapachani, aliyekosea Kiingereza alihesabiwa kuwa amesema uongo. Mtoto aliyekosea shuleni aliambiwa aache udanganyifu, na mfanyabiashara aliyekosea alishtakiwa kwa utapeli. Kisamo alikuwa ameliona hilo kama jambo la kuwaandikia watu wa kwao. Sasa lilikuwa mbele yake na shamba la mtu ndani yake.

"Mheshimiwa," akasema, "hati ina kosa la usemaji. Haina kosa la umiliki. Mtu akiniambia 'nyumba yangu inaungua kwa moto', nitamsahihisha baadaye. Kwanza nitaleta maji."

"Lakini sentensi ni mbovu," akasema Jaji.

"Ni mbovu, na ni kweli."

Ilionekana wazi kwamba wazo lenyewe lilimvutia Jaji kama tunda la kigeni: alilinusa, hakuthubutu kuliuma. Kisamo akaona kwamba kwa hoja ya lugha hatafika popote. Akarudi kwenye jambo alilolizoea zaidi, ambalo ni kuuliza nini kilitokea.

"Naomba kumuuliza Bwana Afisa. Bi Sikitu aliposema hapana, wewe ulifanya nini?"

"Niliandika na kurekodi."

"Papo hapo?"

Kurwa Doto alikuwa mtu mkweli. Kasoro zake zilikuwa za aina nyingine. "Kabla ya hapo nilimuuliza kwa nini na kwa sababu gani."

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini anakataa na kugo..." Akaishia hapo, neno likabaki nusu, na watu wa mbele wakageuka kumtazama. Hakuna Mmapacha aliyekuwa amewahi kumsikia afisa akiachia neno njiani.

"Mtu ambaye hajajibu haulizwi sababu ya jibu," akasema Kisamo. "Afisa alisikia, akaelewa. Sina la kuongeza."

Jaji akajiondoa kwenda kutafakari na kuwaza. Aliporudi alisoma uamuzi wake kwa sauti ya mtu aliyejipatia mlango wa kutokea. Ushahidi wa mgeni umesikilizwa kwa raha na furaha, nao utahifadhiwa kwenye makumbusho. Sheria ya ndoa za maneno inabaki kama ilivyo. Hata hivyo, iko desturi ya zamani kwamba neno kapera likishatamkwa, yeyote aliyelisikia anaweza kuliposea hapo hapo, na ndoa ikawa halali. Afisa, kwa kuuliza kwa nini, aliliposea lile "hapana" bila kukusudia. Ndoa isiyokusudiwa na mshenga haiwezi kutambuliwa, wala haiwezi kuvunjwa. Kwa hiyo mama aulizwe upya, kesho, shambani kwake, mbele ya mashahidi, na hati yake iheshimiwe mpaka atakapojibu. Na afisa anaonywa: atakapojibiwa, asiulize sababu, asikunje uso, asikohoe. Aandike tu.

Kisamo na Bi Sikitu walirudi nyumbani pamoja na jirani yao Luhende, mfuga nyuki, mtu aliyependa kesi za wengine. Kisamo alitembea akipanga. Kwa mara ya kwanza tangu afike alijisikia ana kazi.

"Kesho ni jambo jepesi, Bi Sikitu. Utasema, 'Hapana, nakataa.' Maneno mawili. Yana ndoa, hawatapata pa kushika."

"Si wewe uliyesema moja linatosha?"

"Linatosha. Hapa halitoshi."

"Linatosha au halitoshi?"

Luhende akacheka. "Mwalimu, hapo umenasa kwenye ulimbo."

"Mama, ni shamba lako," akasema Kisamo. "Si mtihani."

"Ndiyo maana." Bi Sikitu alisimama njiani, akaweka mikono kiunoni. "Mume wangu aliulizwa habari ya kiwanja cha mtoni. Alikataa vizuri, kwa ndoa zote. Akasema hapana, hakubali, haafiki, kwa sababu na kwa maana ana watoto. Wakamwandikia kwamba amesema ana watoto. Wakaleta zawadi za watoto, wakachukua kiwanja. Mimi sitawapa la pili. Wakitaka kulichukua shamba, walichukue wakijua nimekataa."

Kisamo alirudia hoja yake kwa njia tatu tofauti. Wenye kusikia wangesema alirudia kama Mmapacha.

Asubuhi Kurwa Doto alifika na mwavuli, mkalimani, karani na kiti cha Jaji, ambacho Jaji alikikalia bila kuangalia ndimu. Majirani walijaa kwenye ua. Bi Sikitu alikuwa akimwagilia, akaweka ndoo chini, akanyoosha kanga yake.

"Je, unakubali na kuridhia kulitoa na kulikabidhi shamba hili la kilimo?"

Mkalimani akafungua kinywa. Bi Sikitu hakumngoja.

"Hapana," akasema kwa Kiingereza.

Afisa hakuuliza kitu. Midomo yake ilikuwa imebana kama ya mtu aliyekatazwa kupiga chafya. Akasubiri kama sheria ilivyotaka, kisha akainamisha kalamu. Kisamo aliiona nukta ya wino ikigusa karatasi. Alimtazama Bi Sikitu. Mwanamke huyo alikuwa akiutazama mndimu wa kwanza kwenye safu, ule wenye shina nene, na hakuwa na nia ya kuongeza hata pumzi.

Basi Pendaeli Kisamo, aliyekuwa amekata maneno ya ziada katika madaftari ya nusu ya wilaya yake, alipiga hatua moja mbele na kusema kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani:

"Anakataa."

Kalamu ikasimama.

"Na tena hakubali," akasema Luhende kutoka kwenye ua, kwa Kiingereza kibovu sana.

"Haridhii wala haafiki," akasema mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Kisha yakaja kutoka kila upande wa ua, yaliyonyooka na yaliyopinda: hataki na hapendi, anapinga na kugoma, la na hasha, hatoi na hauzi. Lile neno moja la Bi Sikitu likaposewa na mtaa mzima. Karani alijaribu kuyaandika yote kwa kuwa ndivyo makarani walivyofundishwa. Akajaza ukurasa, akageuza.

Kurwa Doto alimtazama Jaji. Jaji alitazama mawingu.

"Imejibiwa," akasema Jaji. Akasahau kuongeza la pili, na hakuna aliyemkumbusha.

Kiti kikabebwa. Mwavuli ukafungwa. Taasisi ya Matumizi Sahihi na Fasaha ingetafutiwa mahali pengine, na huko kungekuwa na mtu mwingine wa kuulizwa. Kisamo alilifikiri hilo na hakulipenda. Luhende alikuwa bado anawaonesha watu jinsi alivyosema lake, na kila alipolirudia lilizidi kuharibika.

Bi Sikitu aliokota ndoo. Alipompita Kisamo alisimama.

"Na wewe, Mwalimu," akasema kwa Kimapacha, "maneno mengi. Mimi nilikuwa nimeshakataa."

Kisamo alilifikiri jambo hilo kama alivyofikiri kila jambo. Akamkubalia. Neno lake mwenyewe halikuwa na kazi yoyote katika sentensi ile. Kisha akaipokea ndoo, akaenda kisimani kuijaza.